Siku ya pili kuna nini? Uzi kuhusu pombe, dawa za kulevya na maswali ya kuuliza kabla ya kura

Mliniomba niweke hapa yale niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha wazazi na vijana Nyalenda. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaondoa tu ya kurudiarudia. Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafafanua hoja, halafu uamuzi ni wako. Uzi ni mrefu, tafuta chai kwanza.

1/
Mwenyekiti, wazazi wetu, mama zetu mliofunga vibanda mapema ili mfike, makomredi mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, jothurwa, amosou uduto.

Kila msimu wa siasa ukifika, kwenye mada hii tunasikia watu wawili. Wa kwanza anapanda jukwaani anasema atafunga mapango yote, atamwaga chang'aa yote mtaroni, na wauzaji wataona cha mtema kuni. Makofi. Wa pili anasema vijana wanahangaishwa na makarao bure, waachwe wapumue. Makofi tena, na mara nyingine ni ya watu walewale.

Mimi nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Siku ya pili kuna nini? Pango limefungwa jana. Leo asubuhi mtu aliyekuwa akinywa humo kila siku ameamka, mikono inatetemeka. Anaenda wapi? Anapokelewa na nani? Nani analipa?

2/
Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkadhani nimesoma hivi vitu kwa kitabu.

Nilikuwa komredi. Chuo sitakitaja. Mwaka wa pili tulikuwa wawili chumba kimoja kwenye hosteli za nje. Tulianza kama wengi wanavyoanza: Ijumaa, mzinga mmoja, watu watano. Pesa za HELB zikiingia tunakunywa ya dukani, zikiisha tunahamia kwa mama pima, maana bei yake ni ya mwanafunzi. Kufikia mwaka wa tatu mwenzangu alikuwa hawezi kuingia darasani kabla ya kutoa loki. Kwa wazee wasiojua neno hilo: ni ile ya asubuhi ya kutuliza mikono ili uweze kushika kalamu.

Siku moja walinzi wakamshika langoni akiwa amelewa. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wakamwambia aende nyumbani, arudi baada ya wiki mbili na mzazi wake, akiwa ameacha pombe kabisa. La sivyo, atafukuzwa. Hakuna aliyempa barua ya kwenda hospitali. Hakuna aliyemuuliza anakunywa kiasi gani kwa siku.

3/
Nilimsindikiza stejini. Nilimwambia maneno ambayo hata nyinyi mmewahi kumwambia mtu: "Jikaze tu. Ni akili. Acha."

Aliacha, jothurwa. Hapo ndipo watu huwa hawanielewi nikisimulia. Wanadhani alirudi kunywa. Hapana. Alifika kwao, karibu na ziwa, akajifungia kwenye simba yake na hakugusa hata tone. Siku ya kwanza jasho na kutapika. Siku ya pili anatetemeka mwili mzima, anaongea na watu ambao hawapo. Mama yake akadhani ni malaria imepanda kichwani. Siku ya tatu akaanguka, akapigwa na degedege, mara moja, mara mbili. Boda ikaitwa. Hakufika hospitali akiwa hai.

Matangani wengine walisema ni chira. Wengine wakasema karogwa na wenye wivu wa masomo. Mimi nilikaa pale nikala chakula cha watu, nikanyamaza. Nilijua ameacha pombe siku tatu kabla, lakini sikujua kwamba hiyo inaweza kuua. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa mimi mwenyewe kitandani, daktari akinieleza kwa nini ananipa vidonge kwa saa.

4/
Sasa wacha nieleze, kwa sababu hili ni la uhai.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukiinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo nao unajifunza kukanyaga mafuta zaidi ili usizimike. Siku ukiiondoa ghafla, breki zimetoka lakini mguu bado uko kwenye mafuta. Ndiyo maana mtu anatetemeka, moyo unakimbia, anaona vitu. Degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa kukali huja siku ya pili hadi ya nne.

Hospitalini tiba yake si miujiza. Ni dawa za kutuliza fahamu kwa siku chache, zikipunguzwa polepole, vitamini B1, maji, na mtu wa kukuangalia usiku. Si kila mnywaji anahitaji hayo. Lakini anayekunywa kila siku, anayeamka na kutetemeka, au aliyewahi kupata degedege akiacha, huyo asiambiwe "acha tu" nyumbani peke yake. Apelekwe.

Kwa hivyo mtu anayesema "tutawafungia wote wiki moja, watakauka" anazungumzia jambo ambalo bila muuguzi linaweza kuleta maiti. Seli ya polisi haina vitamini B1.

5/
Ukubwa wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulikuta Mkenya 1 kati ya 6, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Ukihesabu pombe peke yake, ni 1 kati ya 8. Utafiti wao mwingine wa vyuo vikuu ulionyesha zaidi ya robo ya wanafunzi wanatumia kitu fulani wakati huu.

Hebu tazameni benchi mliyokalia. Hesabuni mpaka sita.

Sasa, si wote ni waraibu. Mtu anayekunywa bia mbili Jumamosi si mgonjwa, na tusimfanye mgonjwa. Ninaowazungumzia ni wale ambao kitu kimeshawashika: wanataka kuacha na hawawezi, au wameacha mara tano na kurudi mara tano. Hao ndio wanaokosa pa kwenda.

6/
HOJA: "Hiyo ni kazi ya serikali kuu." "Hapana, ni kazi ya kaunti."

Huu mpira mmeuona ukipigwa. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kaunti zimepewa huduma za afya za kaunti. Zimepewa utoaji wa leseni za pombe. Na kuna kifungu kingine watu wengi hawakijui: udhibiti wa dawa za kulevya umetajwa humo kwa jina, katika kazi za kaunti. Serikali kuu nayo imebaki na polisi, hospitali za rufaa za kitaifa, vyuo vikuu na sera.

Kwa hivyo mtu akiomba ugavana au uwakilishi wadi akikwambia jambo hili haliko mikononi mwake, mwambie afungue Katiba. Na anayeomba ubunge akikwambia ni la kaunti, muulize polisi na vyuo ni vya nani.

Ukitaka kuona mgongano wenyewe, kumbuka muguka, Mei 2024. Kaunti za Pwani zikapiga marufuku, wakulima wa Embu wakalia, serikali kuu ikasema marufuku hayana nguvu, mahakama ikaingilia. Kelele zilikuwa nyingi. Aliyekuwa akitafuna mpaka halali usingizi hakuna aliyemtaja.

7/
HOJA: "Fungeni mapango yote."

Nisiwadharau wanaosema hivi. Wengi ni kina mama. Kuna mama hapa mbele ambaye mume wake hupitisha mshahara wote kwa mama pima kabla ya kufika nyumbani. Ukimwambia mama huyo habari za haki za mnywaji, atakutazama vibaya, na ana sababu. Mapango yanayouzia watoto wa shule, yaliyo ukuta kwa ukuta na madarasa, yafungwe. Sheria ya 2010 ya udhibiti wa vileo inakataza kuuzia walio chini ya miaka 18, na hiyo haihitaji sheria mpya.

Lakini twende Obunga, tuseme ukweli. Obunga chang'aa ni biashara ya nyumba kwa nyumba, na wapikaji wengi ni wanawake. Kuna madaktari na walimu mjini hapa waliolipiwa karo na mtungi. Msako ukija, anamwagiwa mali, analipa faini au anatoa kitu kidogo, na wiki ijayo anapika tena ili arudishe hasara. Mnywaji anahamia mtaa wa pili. Tumefanya hivi tangu wakati wa ukoloni. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe mwaka 1980. Ikaruhusiwa tena mwaka 2010, kwa sharti la leseni, viwango na kufungwa kwenye chupa. Wangapi kati yenu mmewahi kuona chang'aa ya Obunga yenye leseni?

Mimi sisemi msako usifanywe. Nasema msako una bajeti: kuna mafuta ya gari, kuna maafisa, kuna kamera. Siku ya pili haina bajeti.

8/
Na kuna jambo hatari linalotokea pombe inapofichwa zaidi. Inaongezwa nguvu kwa vitu ambavyo si vya tumbo. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ulimi. Mei 2014 watu wengi walikufa kwa siku chache katika kaunti kadhaa za katikati mwa nchi. Februari 2024 ikawa Kirinyaga.

Shikeni dalili hizi, wafundisheni hata wanaouza. Mtu amekunywa jana, leo macho yanaona ukungu kama theluji, tumbo linauma, anapumua kwa haraka. Hiyo si "hangova". Mwili wake unaibadilisha methanoli kuwa sumu inayoua mishipa ya macho. Hospitali sasa hivi, na aseme alichokunywa. Wengi hufichwa nyumbani kwa kuogopa polisi. Hapo unaona vile hofu ya kukamatwa inavyoweza kuua kuliko pombe yenyewe.

9/
HOJA: "Umri upandishwe hadi 21."

Hili limo kwenye sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025, pamoja na mapendekezo ya kuzuia uuzaji wa pombe kwenye supamaketi, mitandaoni na kupelekewa nyumbani. Wanaounga mkono wanasema ubongo wa kijana bado unakua, na kila mwaka unaocheleweshwa unasaidia. Wana haki. Wanaopinga wanasema mtu wa miaka 18 anapiga kura, anaoa, anakwenda jeshini, kwa hivyo mtamzuiaje bia? Nao wana hoja.

Mimi nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu mkijadili. Mwanafunzi wa miaka 19 ambaye tayari ameshikwa hataponywa na umri kupandishwa. Atajificha zaidi. Sera ikipita, basi ipite na mlango wa huyo pia.

10/
HOJA: "Methadoni ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia mwingine."

Heroini tulizoea kuisikia ya Mombasa na Malindi. Siku hizi unga upo hapa Kisumu, na hata kliniki ya methadoni ipo, pale hospitali kubwa ya rufaa tunayoiita Russia. Kenya ilianza tiba hii Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Wenzetu wa Tanzania walitutangulia, Muhimbili, Februari 2011.

Inavyofanya kazi: mtu anafika kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Haleweshwi nayo ikipimwa vizuri, ila arosto haimpati: yale maumivu ya mifupa, kuharisha, baridi, ambayo humfanya mtu aibe sufuria ya mamake.

Je, mwili bado unategemea dawa? Ndiyo, na anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Lakini mtu wa insulini naye anategemea. Tofauti ni kwamba dozi inajulikana, hakuna sindano, hakuna kuwinda pesa ya kete tangu alfajiri. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Nimemwona mtu aliyekuwa akilala nje ya stendi akirudi kusukuma mkokoteni Kibuye, analipa kodi ya nyumba. Bado anakunywa dozi yake kila asubuhi. Mimi sina shida na hilo.

Shida iko kwingine. Mvuvi wa Mfangano hawezi kupanda boti kila siku kuja Kisumu kunywa dozi. Akikosa siku kadhaa, dozi lazima ishushwe aanze upya, maana mwili umesahau na dozi kamili inaweza kumuua. Kwa hivyo swali la methadoni huku kwetu ni swali la nauli na umbali.

11/
HOJA: "Kugawa sindano safi ni kuwafundisha watoto kujidunga."

Kenya ilipoanza kugawa sindano, 2012 na 2013, viongozi wengi wa dini Pwani walipinga vikali. Sikuwa naelewa pia. Sikia: sindano safi haimwambii mtu aanze. Aliyeanza yuko tayari anajidunga, na kama hana safi atatumia ya mwenzake. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C hupita hapo moja kwa moja. Halafu anarudi nyumbani kwa mke wake. Na yule anayempa sindano ndiye mara nyingi mtu wa pekee wa afya anayemwona wiki nzima, kwa hivyo siku akisema "nimechoka, nataka kuacha", kuna wa kumsikia.

12/
Jothurwa, sisi watu wa ziwa hatuwezi kujifanya hatulijui jambo hili. Tumeshapita hapa.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya Ukimwi Homa Bay ni asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Tunakumbuka miaka ambayo kila Ijumaa kulikuwa na jeneza barabarani. Mwanzoni tuliambiwa nini? "Waache uasherati tu." Wengine tukasema ni chira, kama walivyosema kwa rafiki yangu. Haikutusaidia. Kilichotusaidia ni kondomu ambazo makanisa yalizikataa, dawa zilizoletwa mpaka zahanati, watu wanaoishi na virusi waliosimama mbele ya watu wakasema "mimi ninayo na niko hai", na wahudumu waliokwenda fukweni usiku kuwapata wavuvi wa omena, kwa sababu mchana wamelala.

Hata tohara. Jaribio la hapa Kisumu lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara hupunguza maambukizi kwa mwanaume kwa takriban nusu au zaidi. Haikuwa mila yetu. Wazee walijadili, wakauliza maswali makali, kisha vijana kwa maelfu wakaenda kwa hiari.

Huko kote tulikuwa tunapunguza madhara, hata kama hatukuliita hivyo. Hatukusubiri kila mtu awe mtakatifu ndipo tumtibu. Kwa nini mlevi ndiye asubiri?

13/
HOJA: "Sheria inasema wafungwe."

Sheria ya dawa za kulevya ni ya 1994, ikarekebishwa 2022. Kwa mfano, ukipatikana na bangi ambayo mahakama imekubali ni ya matumizi yako mwenyewe, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 5. Kwa muuzaji mkubwa adhabu ni nzito sana, na hapo sina ugomvi.

Lakini sheria hiyohiyo inaipa mahakama uwezo wa kumpeleka mtu mwenye uraibu kwenye kituo cha tiba. Imo humo tangu 1994. Hakimu anaweza kusema maneno hayo leo alasiri. Kisha afisa wa mahakama atauliza: kituo kipi, na nani analipa? Vituo vingi ni vya binafsi. Asumbi kule Homa Bay kinajulikana nchi nzima, lakini mama wa kuuza omena kwa gorogoro hawezi kulipa tiba ya miezi mitatu. Kwa hivyo hakimu anamfunga kijana, kwa sababu jela ni bure.

14/
Na pesa. Tuongee pesa, maana siasa ni pesa.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya huduma hizi, sindano, waelimisha rika, vituo vya mtu kuingia akaoga, akapimwa, akapumzika, ililipwa na wafadhili wa nje, hasa Marekani. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada. Barua za kusimamisha kazi zikafika kwa siku chache. Vituo vikafungwa, waelimisha rika wakarudi nyumbani. Watu waliokuwa wamejikokota miezi wakakuta kufuli.

Sikulaumu Marekani hapa. Pesa ni zao. Najilaumu mimi na wewe, kwa sababu kwenye vikao vya bajeti ya kaunti tunauliza barabara, tunauliza mataa, na kuhusu hili tunanyamaza. Leseni za pombe zinaleta pesa kaunti kila mwaka. Ni shilingi ngapi kati ya hizo inarudi kumtibu aliyeumizwa na pombe? Hilo ni swali halali la mlipa kodi, na halina chama.

15/
Makomredi, hamjambo huko nyuma? Sasa ni nyinyi.

Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anafika huko baada ya kamati ya nidhamu, akiwa mshtakiwa. Mpangilio ugeuzwe. Mwanafunzi akijileta mwenyewe kusema "nimeshikwa", asipelekwe kwenye nidhamu. Ahifadhiwe nafasi yake ya masomo, aende tiba, arudi. Mwanafunzi akivunjika mguu anaahirisha muhula na hakuna anayemwita mhuni.

Na akirudi, arudi wapi? Mimi niliporudi, nilirudishwa hosteli ileile, ghorofa ileile, jirani akigonga mlango Ijumaa saa moja jioni na chupa. Nilidumu siku kumi na moja. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Rutgers kilifungua bweni la wanafunzi wanaoacha pombe na dawa tangu 1988. Sisi hatuhitaji bweni zima. Vyumba vinne, kikundi kinachokutana Ijumaa jioni, saa ile ambayo ni ngumu zaidi, na mshauri mmoja ambaye hajakaa kiti kimoja na mkuu wa nidhamu. Hiyo haihitaji ufadhili wa Umoja wa Mataifa.

16/
Na mtaani? Zanzibar, kuanzia 2009, watu waliokuwa wanatumia unga wenyewe walianzisha nyumba za kuishi pamoja wakiacha. Mwenye miezi sita anamshika mkono mwenye siku sita. Wanapika, wanasafisha, wanakutana asubuhi na jioni. Serikali na dini wakaja kuwashika mkono baadaye.

Hapa tuna vitu vyetu. Tuna vikundi vya akina mama vya kuweka pesa. Tuna kamati za fukwe, BMU, zinazojua kila mvuvi na chombo chake. Tuna wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba. Tuna nyumba kumi. Siku hizi balozi wa nyumba kumi kazi yake ni kumripoti mlevi. Tumwongezee ya pili: kujua namba ya kumpigia mlevi akisema anataka msaada.

Mimi nilisimama mara ya tatu, si ya kwanza. Sikusimama kwa nguvu za akili. Nilisimama kwa sababu kulikuwa na kitanda, muuguzi mmoja mkali kutoka Ahero, na baadaye watu saba waliokuwa wakikutana kwenye darasa la shule ya msingi, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Wawili kati ya hao saba wamerudi kunywa. Bado tunawatembelea.

17/
Kwa hivyo 2027 wakija, na watakuja, msiulize "utakaza au utalegeza?" Jibu lake ni makofi tu. Ulizeni haya, na mtu aandike majibu:

Moja. Kwenye kaunti hii kuna vitanda vingapi vya umma vya kumwachisha mtu pombe akiwa chini ya uangalizi? Utaongeza vingapi, na lini?

Mbili. Je, kituo hicho kimesajiliwa na SHA, mama wa omena asiuze shamba?

Tatu. Pesa za leseni za pombe, sehemu gani itakwenda kwa tiba? Utaiandika kwenye sheria ya kaunti au unaahidi tu hapa?

Nne. Msako ukifanyika, kutakuwa na mhudumu wa afya kituoni siku ya pili na ya tatu?

Tano. Wafadhili wakiondoka tena, methadoni italipwa na nani?

Sita. Mama pima akiacha kupika, atakula nini?

Akijibu mawili vizuri, msikilize. Akianza kupiga kelele kuhusu maadili ya vijana, muulize tena la kwanza.

18/
Namalizia, mwenyekiti, naona unatazama saa.

Kama uko na mtu nyumbani anayekunywa kila siku na anataka kuacha, usimfungie. Mpeleke hospitali, sema wazi anakunywa nini na kiasi gani. Ukikwama, NACADA wana namba ya bure, 1192. Akipatwa na degedege, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni, tafuta gari.

Mama ya rafiki yangu yuko hai. Mwaka jana nilikwenda kumwona, nikamweleza kilichomuua mwanawe. Nilidhani atanifukuza. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo alikuwa ananitii." Kisha akaniuliza kama angeletwa hospitali siku ya kwanza angepona. Nikamwambia, mama, kwa uwezekano mkubwa, ndiyo. Akaniuliza hospitali gani.

Hilo ndilo swali nililoshindwa kulijibu vizuri. Kwao, iliyo karibu ilikuwa zahanati inayofungwa saa kumi jioni.

Erokamano. Maswali sasa.

—
Huo ndio mwisho wa hotuba. Kama kaunti yako ina vitanda vya umma vya huduma hii, andika hapo chini kaunti na hospitali, ili mwenye mgonjwa apate pa kuanzia. Matusi na majina ya wanasiasa nitayafuta, mnanijua.